Maharage Kumi kwenye Sahani

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa kwenye kidirisha cha dawa, na neno la kwanza nililofundishwa lilikuwa nusu. Sista aliyesimamia famasi, mwanamke mfupi mwenye tabia ya kusimama nyuma ya watu bila kukohoa, alinipa kidonge na kisu kidogo akaniambia nikate. Nilikata. Kipande kimoja kikawa kikubwa, kingine kikawa makombo. Sista alivitazama akasema, "Hiyo haiko nusu. Hao ni ndugu wawili wamegombania shamba." Nilicheka peke yangu, yeye hakucheka. Nilikata vingine mpaka vipande vikalingana, na tangu asubuhi ile sijaliamini neno lolote linalotaja kipande cha kitu mpaka nikione kipande chenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kazi ya hospitali hapa Goma, hasa wale watakaosimama kati ya daktari na mgonjwa na kumfasiria mmoja maneno ya mwingine. Nilinuia kuyaandika kwa utulivu, kama inavyomfaa mtu aliyestaafu. Utulivu sina. Ijumaa mume wangu anapasuliwa tumbo. Daktari ametamka namba mbele yake kwa Kifaransa, mimi ndiye niliyetakiwa kuitia kwenye Kiswahili, na sikuitia. Sasa hivi mume wangu yuko sebuleni na redio yake. Naandika ili mikono ipate kitu cha kufanya.

Turudi kwenye kidirisha. Pale nilijifunza kwamba maneno ya kugawa na ya kuzidisha hayakuja Kongo siku moja wala kwa njia moja. Nusu na robo ni ya Kiarabu. Yalipanda huku na wafanyabiashara wa misafara kabla ya shule kuwapo, na yakabaki kwa sababu watu hawakuacha kununua sabuni nusu na mafuta robo. Ndugu yao theluthi hakupata bahati hiyo. Litajeni theluthi katika soko lolote la Goma muone watakavyowatazama. Mtu wetu akitaka sehemu ya tatu atasema fungu moja kwa matatu, na aliyesoma atasema tiers, kwa Kifaransa, na kuendelea na safari yake.

Mara nayo ni ya Kiarabu. Maradufu niliisikia redioni na kuisoma katika vitabu vya kanisa, na ndani yake, Sista alinieleza, mna neno lingine la Kiarabu lenye maana ya kurudufisha, yaani kukifanya kitu kiwe viwili. Watu wa mtaa wa Majengo hawaisemi. Majengo wanasema dubule, ya Kifaransa, iliyovaa nguo za kwetu. Wake za wanajeshi waliokuja kutoka kambi ya Katindo walisema mbala mibale, kwa Lingala, na akina mama wa Kinyarwanda walisema kabiri na gatatu, yaani mara mbili na mara tatu. Mimi ni Mshi wa upande wa Bukavu. Nasi pia tuna yetu. Basi kwa asubuhi moja kidirishani nilikuwa naikuta mbili katika sura nne au tano, na kila sura ikishika chupa ya dawa ya mtoto.

Hapo ndipo hofu yangu ya kazi ilipozaliwa, wala haijafa. Ukimwambia mama "mara mbili", yeye anaweza kusikia asubuhi na jioni, anaweza pia kusikia vijiko viwili kwa mpigo mmoja. Sista alilipiga marufuku neno hilo kidirishani. Tulisema moja asubuhi, moja mangaribi, tukionyesha jua kwa kidole, kisha tukamwomba mama aturudishie maneno kwa kinywa chake. Wapo waliokasirika wakidhani tunawafanya watoto. Sista aliwaacha wakasirike. Alikuwa akisema kwamba hasira haiui kama dawa.

Kutoka hapo nilihamishiwa wodi ya watoto, chini ya Mkuu wa Wauguzi, mwanamume mrefu mkavu ambaye funguo zake zililia mfukoni kabla hajafika. Huko kazi ilikuwa kuchanganya: maziwa ya watoto waliodhoofika, maji ya klorini ya kufulia na ya kuoshea sakafu. Klorini ilitaka sehemu moja kwa kumi, nyingine moja kwa mia. Wafagiaji walikuwa wapya na makosa yalikuwa mengi. Maji makali yaliwachubua mikono, maji mepesi hayakuua kitu. Niliwachorea picha, sikufaulu. Ni Mkuu wa Wauguzi aliyenitoa kwenye shida hiyo, akiwa anapita tu.

"Waulize wanatoaka nini kanisani," alisema.

Niliwauliza. Fungu la kumi, wakasema wote, hata ambaye hakuwahi kulitoa. Kumbe lilikuwa vichwani mwao muda wote, wamelipata kwa padri na kwa wachungaji: vikapu kumi vya mavuno, kimoja cha Mungu. Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu kwa kitu kingine. Watu wetu wanaiona kumi kama wanavyoona vidole vyao, na wanajua kwamba katika kumi kuna sehemu inayoondoka.

Nadhani ni kwa ajili hiyo Daktari Mkuu alinichukua. Alikuwa mtu wa Kisangani, mwenye Kiswahili chake na sauti ya chini iliyokulazimisha uiname. Hospitali ilikuwa imeanza kupokea madaktari wapasuaji kutoka nje na kutoka Kinshasa, wasiojua lugha ya hapa, na kabla ya kumpasua mtu walitakiwa kumweleza hatari yake na kupata idhini yake. Nikawekwa kati. Kazi hiyo niliifanya mpaka nilipostaafu.

Madaktari wanazungumza kwa pour cent. Kifaransa kilichukua mia ya Kilatini, nasi tukaigeuza hivyo hivyo tukasema kwa mia. Watanzania redioni wana asilimia, na ukilifungua neno hilo utaikuta mia ileile imekaa karibu na asili, kama kusema mia ndiyo shina ambalo mengine yanahesabiwa toka kwake. Ni neno zuri. Lakini mia ni wengi mno. Hakuna mama anayeweza kuona watoto mia. Ukimwambia themanini kwa mia, anakutazama usoni kujua kama umetabasamu, kisha anaamua kwa uso wako.

Ndiyo maana nilianza kubeba sahani ya bati na maharage kumi katika mfuko wa blauzi. Naweka kumi, nasogeza pembeni wanaoondoka. Wenzangu walinitania kwamba nimeleta chakula kazini. Daktari Mkuu aliniita ofisini, nikaenda roho juu nikijua atanikataza. Hakunikataza. Alitaka kuona ninavyofanya, nikamwonyesha mezani kwake, akasogeza maharage mawili kwa kidole, akayarudisha.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini sikia, Mama. Familia haijue Kifaransa, inajua urefu ya maneno. Inahesabu mudomo ya dokta, halafu inahesabu yako. Usipunguze, usiongeze. Ukimupa mutu namba ya kumufuraisha, umemuibia siku zake."

Sikuielewa vizuri sehemu ya mwisho. Nilianza kuielewa siku alipokuja Mama Kambale.

Alikuwa Mnande, yeye na mumewe walihamia Kibumba kulima. Wanaowajua Wanande wanajua kwamba jina la mtoto linataja mahali pake katika mstari: Kambale ni mvulana wa pili. Kwa hiyo ukimwona Kambale bila mkubwa wake, unauliza Paluku, yule wa kwanza, yuko wapi, kama si kwa mdomo basi kwa macho. Paluku alikuwa amekufa zamani. Kambale huyu alikuwa na utumbo uliojisokota, tumbo gumu kama ubao, na hakuwa na nguvu ya kulia. Mpasuaji alisema bila upasuaji hakuna njia, na kwa upasuaji ni themanini kwa mia. Nilimwekea mama sahani. Nikamweleza kwamba watoto kumi wenye ugonjwa huu wakipasuliwa, hawa nane wanarudi nyumbani, hawa wawili hapana.

Aliyahesabu maharage kwa kidole. Kisha akauliza swali ambalo wote waliuliza, wasomi na wasiosoma, kwa lugha zao zote.

"Wangu iko upande gani?"

Nilimfasiria daktari. Daktari aliangalia viatu vyake, akasema nimwambie kwamba hilo halijulikani. Nikasema. Mama Kambale akachukua harage moja akaligeuza vidoleni, kama mtu anayechagua mbegu.

"Mama, miye ni mulimaji," alisema. "Maharagi minawekaka tatu kwa shimo moja, juu najua kuna yenye itakufa. Sasa huyu, mwenzake wa kuweka naye kwa shimo iko wapi?"

Sikuwa na Kifaransa cha kulibeba neno hilo. Nililisema nilivyoweza, na nikamwona mpasuaji akilisikia.

Mama Kambale alikubali upasuaji. Lakini kwanza aliomba simu, akampigia mumewe shambani, akamwambia kwamba kuna wawili wanaowekwa pembeni na aje sasa hivi. Wakati wauguzi wanamwandaa mtoto, baba akafika kwa pikipiki, matope ya shamba mpaka magotini. Alimwinamia mwanawe akamwambia jambo sikioni kwa Kinande. Mtoto alitabasamu kidogo. Sijui aliambiwa nini. Kisha wakampeleka ndani, na Kambale hakutoka hai.

Niliogopa kukutana na mama yake. Nilipita mlango wa nyuma, naye alikuwa amekaa huko huko, juu ya mawe, akisubiri gari la kumbeba mtoto. Nilidhani atanitukana. Alinishika mkono.

"Hukunificha zile mbili," alisema. "Papa yake alimuona."

Nilirudi nyumbani nikalia mbele ya mume wangu mpaka chakula kikapoa. Yeye ni Mnande pia, mfanyabiashara wa njia ya Butembo, mtu wa magunia na malori, si mtu wa maneno mengi. Hakunibembeleza. Aliniuliza tu yule baba alisafiri na pikipiki ya nani, na kama alilipata gari la kurudi. Nilichukia swali lake wakati ule. Baadaye niliona kwamba alikuwa anajipima mwenyewe kwenye ile barabara.

Nimefasiri baada ya hapo kwa watu nisioweza kuwakumbuka wote. Tisa juu ya kumi, nusu kwa nusu, mara moja hata moja juu ya kumi, na mzee aliyeambiwa hiyo alikusanya maharage yote akaniomba aende nayo. Sikupunguza, sikuongeza. Hilo nalisema bila haya, kwa sababu ndilo jambo pekee la kazi yangu ninalolionea fahari. Nilipostaafu, Mkuu wa Wauguzi wa wakati huo, binti niliyemfundisha, alinipa kanga na ile sahani ya bati ikiwa imeng'arishwa. Niliipeleka jikoni. Nikaichukulia kuwa sahani tu.

Hayo niliyaandika jana. Leo ni Jumapili jioni na lazima niseme yaliyobaki, la sivyo vijana mtakuwa mmesoma nusu, na nusu yenyewe haikukatwa sawa.

Alhamisi tulikwenda hospitali kuchukua majibu. Mpasuaji ni kijana mwenye adabu. Alijua nilifanya kazi humo, akafurahi, akazungumza nami Kifaransa moja kwa moja kama watu wa kazi moja, huku mume wangu amekaa katikati yetu na kofia magotini. Uvimbe uko kwenye utumbo mkubwa. Umri si mdogo, moyo hauko sawa. Wasipoutoa utaziba. Wakiutoa, soixante pour cent, sitini kwa mia. Kisha akaningoja nifasiri. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu maneno ya kugawa yaliniacha. Nilimgeukia mume wangu nikasema, "Papa Masika, anasema watakupasua Ijumaa." Ulikuwa ukweli. Mpasuaji hakujua Kiswahili cha kutosha kuona kilichokosekana.

Mume wangu aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, tukatoka.

Tangu Alhamisi hiyo sijalala vizuri. Nilijiambia kwamba mgonjwa anahitaji moyo mkunjufu, kwamba namba itamkata nguvu, kwamba nitamwambia Jumatano, halafu Alhamisi. Nilijipa sababu zote nilizowahi kuwasikia watoto wa wagonjwa wakinipa kwenye korido, waliponivuta pembeni wakiniomba nimfiche baba yao namba. Niliwajibu wote kwa sauti ya upole na kukataa. Nilikuwa sijui nawakatalia nini.

Leo tuliporudi kutoka misa alikaa jikoni, mahali asipokaaga. Nilikuwa nachambua maharage ya kesho. Alinitazama nikitoa vijiwe, akasema bila kupandisha sauti:

"Mama Masika, dokta alisema mingi. Weye ulisema kidogo. Ile ingine iko wapi?"

Familia inajua urefu. Nilikuwa nimelisema hilo kwa wanafunzi wangu wote, na nilimsahau mtu ninayelala naye.

Niliinuka nikaitoa sahani ya bati kabatini.  Nilihesabu maharage kumi, nikasogeza manne pembeni, na nikamwambia kama nilivyowaambia wengine wote. Wanaume kumi kama wewe, wenye tumbo hili na moyo huu, hawa sita wanarudi nyumbani. Hawa wanne hapana.

Aliyatazama. Nilijua swali linalokuja na nilikuwa nimejiandaa kusema halijulikani. Hakuuliza. Aliuliza lingine.

"Yule papa wa Kibumba alifika mbele ya wamuingize mutoto?"

"Alifika," nilisema.

"Na miye Masika wangu iko Butembo."

Masika ni mtoto wetu wa kwanza wa kike, na njia ya Butembo siku hizi haina ahadi. Mtu anaweza kuondoka Jumatatu akafika Jumatano, anaweza kukaa njiani wiki nzima akisubiri kizuizi kifunguliwe. Kama ningemwambia Jumatano nilivyopanga, kusingekuwa na safari ya kuzungumzia. Hapo ndipo nilipolielewa neno la Daktari Mkuu juu ya kumwibia mtu siku zake, lote mpaka mwisho wake, na nililia tena mbele ya mume wangu, ila safari hii alinisogezea kitambaa.

Kwenu vijana nina machache. Jifunzeni maneno yote: nusu, robo, kwa mia, mbala, kabiri, fungu la kumi. Yametoka mbali na kila moja lina watu wake, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwa lile analoliona. Lakini msidhani kulijua neno ndiko kuweza kulitamka. Nilistaafu nikiamini nimeimaliza kazi hii, kumbe ilikuwa imeningojea nyumbani. Naogopa. Naogopa Ijumaa, naogopa barabara, naogopa simu itakayolia na ile isiyolia. Sina la kuwaambia juu ya hofu, kwa sababu hakuna kipimo chake nilichofundishwa.

Mume wangu alipangusa meza kwa kiganja, akakusanya wale sita na wale wanne pamoja, akawamimina kwenye bakuli na maharage mengine, akatia maji. Mimi nikachukua simu. Masika alipokea upesi, kama aliyekuwa ameishika mkononi. Nilimweleza kwa kumi, kama nilivyofundisha. Upande wa pili nikasikia kuku wake, kisha sauti yake ikaja, ndogo, kama ya utotoni.

"Mama, Papa iko upande gani?"

Nilimtazama baba yake. Alikuwa ameinamia bakuli, mikono imezama majini, anatoa maharage yanayoelea.

"Iko hapa kwa meza," nilisema. "Ukuye, umuone."